Jinsi ya Kulea Gari Yatima

Msiba wa gari hauna tanzia redioni. Utausikia gerejini, gari lako likiwa limeinuliwa kwa jeki na fundi akiwa chini yake, miguu tu ndiyo inayoonekana. Sauti itatoka uvunguni: "Mzee, unajua hawa watu wako walifunga?"

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa katika gereji moja ya mabati hapa Mwiki, upande wetu wa Ruiru, si ule wa Kasarani. Gari langu ni Chevrolet Optra. "Watu wangu" walikuwa General Motors, ambao mnamo Februari 2017 ilitangazwa kwamba wanaiuzia Isuzu ya Japani hisa zao zote, asilimia 57.7, katika General Motors East Africa. Kampuni ikapewa jina jipya, Isuzu East Africa. Malori yakaendelea kuundwa Nairobi, na yale mabasi ya NQR yanayotubeba kwenye Thika Road hayakutikisika. Aliyefungiwa mlango ni Chevrolet. Mwaka huohuo General Motors iliuza Opel na Vauxhall kwa Wafaransa wenye Peugeot, na ikaondoka Afrika Kusini.

Tangu siku ile nimejifunza kulea yatima. Wapo wenzangu wengi njiani, na wengine watafuata, kwa sababu kampuni za magari zinaendelea kutikisika. Nissan yenyewe ilitangaza mwaka 2025 kwamba itapunguza wafanyakazi 20,000 na kubakiza viwanda 10 kati ya 17. Basi huu hapa mwongozo, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: Usiuze siku ya matanga

Habari zikitoka, broka ndiye wa kwanza kufika, tena kwa uso wa huzuni. Atalizunguka gari, atagonga tairi kwa kiatu, atakuambia spea zimekwisha duniani, kisha atataja bei inayotosha kununua baiskeli na taa yake. Mkaribishe chai, msindikize hadi steji, rudi nyumbani ukalale.

Asubuhi washa gari. Likiwaka kama lilivyowaka jana, ujue kilichokufa ni mkataba wa watu walioketi mbali. Injini haijasikia habari. Bei sokoni itashuka, hilo ni kweli, lakini anayeumia kwa bei kushuka ni anayeuza. Wewe unayepeleka watoto shule na kuleta viazi kutoka soko la Githurai hujapoteza hata kilomita moja. Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao, na mwenye Optra iliyokwisha kulipiwa ana mbacha mzuri sana.

Hatua ya pili: Jua ukoo wa gari lako

Mtoto akifiwa, watu wazima huuliza ana shangazi wapi, ana wajomba wapi. Uliza vivyo hivyo. Magari mengi huzaliwa katika nyumba moja na kubatizwa majina tofauti kila nchi.

Optra ni mtoto wa Korea Kusini. General Motors iliichukua biashara ya magari ya Daewoo mwaka 2002, na gari lililoitwa Daewoo Lacetti kwao likaja kwetu likiitwa Chevrolet Optra. China liliitwa Buick Excelle, Marekani likauzwa kama Suzuki Forenza. Spark asili yake ni Daewoo Matiz, na Aveo ni Daewoo Kalos.

Elimu hii ni pesa. Nenda Kirinyaga Road, Nairobi, kule ambako wazee bado wanakuita Grogan, useme unatafuta kitu cha Chevrolet. Mwenye duka atatikisa kichwa kabla hujamaliza. Rudi kesho useme Lacetti, umpe nambari iliyochongwa kwenye kipuri chenyewe, na utamwona akipanda ngazi hadi rafu ya juu kabisa. Kwa hiyo andika kwenye karatasi ngumu jina la gari lako, majina yake ya nchi nyingine, nambari ya chesisi na aina ya injini. Iweke ndani ya gari, na nakala nyingine iweke nyumbani. Hicho ndicho cheti cha kuzaliwa cha yatima wako.

Wala usione haya kwa jina lililokufa. Datsun ilikuwa mfalme wa barabara zetu. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mara tano, mwaka 1973 kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, kila mara kwa gari la nyumba hiyo. Katikati ya ushindi huo, mwaka 1981, Nissan ikatangaza kwamba jina la Datsun litaachwa. Walilifufua mwaka 2013, wakaliacha tena mwaka 2022. Mara zote mbili wazee wa Kiambu hawakubadilisha wanavyoita pikapu zao.

Hatua ya tatu: Mshike fundi mmoja

Kampuni ikiondoka, kitabu cha matengenezo kinahamia kichwani mwa fundi. Ukimbadilisha kila mwezi, unakichana kitabu hicho ukurasa kwa ukurasa.

Nitakuonyesha ninachomaanisha. Barabara zetu za ndani zilikuwa zimemaliza bushi za miguu ya mbele. Fundi wangu alizitoa akanitia moja kiganjani: raba imepasuka kuzunguka chuma chake kama kisigino cha mkulima. Mpya aliipaka maji ya sabuni, akaiweka sawa kwenye jiliwa, akaikandamiza taratibu, robo mzunguko kwa robo mzunguko, huku akiikagua isije ikaingia kwa upande. Akarudisha mguu mahali pake na kutia bolti, lakini hakuikaza. Alishusha jeki kwanza, akaliacha gari likalie uzito wake wote, ndipo akaingia chini na spana.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mzee, ukikaza likiwa juu, raba inashikwa ikiwa imejipinda. Gari likishuka, inavutika siku zote. Miezi michache umerudi hapa, unasema spea ni feki."

Angekaza gari likiwa juu angemaliza mapema na kunipokea tena kabla ya mwaka kuisha, kwa pesa nyingine. Alichagua kunipoteza kama mteja wa bushi. Mtu kama huyo mlipe siku hiyohiyo. Usimkopeshe maneno, usimletee kipuri kibovu cha bei rahisi halafu umlaumu kikikatika, na akiwa na kijana anayejifunza kazi, mpe kijana naye cha chai. Siku fundi akizeeka, kijana ndiye atakayelijua gari lako.

Kwamba mikono huishi kuliko nembo, ushahidi uko mbele kwenye barabara hii yetu, mjini Thika. Kiwanda cha magari pale kilianzishwa katika miaka ya 1970 kwa ushirikiano wa serikali ya Kenya na British Leyland, kampuni ya Uingereza iliyokuwa na nembo nyingi kuliko pesa. Huko kwao zilianguka moja baada ya nyingine: Morris na Triumph mwaka 1984, Austin mwaka 1987, na Rover ikafilisika mwaka 2005. Kiwanda cha Thika kilibadilisha jina mwaka 1989 kikawa Kenya Vehicle Manufacturers, kikaendelea na kazi. Mwaka 2016 kilianza kuunda Volkswagen Polo Vivo, na mwaka uliofuata Peugeot. Mama aliyekizaa amezikwa, mtoto bado anashika spana.

Hatua ya nne: Weka akiba, na usiiweke peke yako

Usijaze stoo kwa hofu. Plagi, filta, oili na betri utavipata hata gari likiwa yatima wa miaka 20. Vitu vya raba usivirundike, raba hukauka na kupasuka hata ikikaa kabatini. Weka akiba ya vile vinavyotambulisha uso wa gari lako peke yake: taa, kioo cha mbele, vishikio vya milango, vioo vya pembeni. Na vioo hivyo vya pembeni vichongwe nambari ya usajili leo, kabla hujalala, maana kwa gari yatima kioo kikiibwa kinachukua na amani yako.

Kazi hii inataka chama. Sisi tuna kikundi cha WhatsApp cha wenye Optra na jamaa zake kutoka Githurai hadi Juja. Mmoja akiwa na ndugu Dubai, tunakusanya orodha ya watu sita, tunachanga, mzigo mmoja unakuja. Anayevunja taa leo anapewa ya mwenzake, naye anarudisha mzigo ukifika. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mteja mmoja hamfanyi mwenye duka aagize kontena. Wateja 30 wanamfanya apige simu.

Hatua ya tano: Lilia palipo na masikio

General Motors ilipoomba ulinzi wa mahakama tarehe 1 Juni 2009, ilikuwa na nembo nyingi mno. Pontiac na Saturn zikaachwa, Hummer ikakosa mnunuzi ikafa, na Saab ya Uswidi ikawekwa sokoni. Wenye Saab hawakukaa kimya. Mwanzoni mwa 2010 walipanga misafara ya magari yao katika miji mingi duniani kudai nembo isifungwe. Mnunuzi akapatikana, lakini Desemba 2011 kampuni ikafilisika. Kiwanda hakikuokoka. Hata hivyo biashara ya vipuri vya Saab iliendelea chini ya serikali ya Uswidi, kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa bado wanaendesha na kununua. Mapenzi yao yalipata spea, na spea ndizo zinazolifikisha gari nyumbani.

Buick nayo ilibakizwa, na sababu kubwa ni China, ambako wanunuzi walikuwa wengi. Chevrolet ilibakizwa Marekani pia, na miaka minane baadaye ikaondoka kwetu. Hili linatufundisha jambo gumu: nembo hudumu pale ambapo wanunuzi wanahesabika. Sisi tunaonunua gari likiwa na mtu wa tatu hatumo katika hesabu za kiwanda. Kwa hiyo kilio chetu tukipeleke kwa anayeuza gari jipya hapa nchini. Kabla hujatia sahihi, muulize mkiondoka, vipuri vitapatikana kwa miaka mingapi, na nani atavileta? Mwambie akuandikie. Ukiwa mnunuzi wa ofisi au wa shirika lenye magari mengi, uliza kwa sauti kubwa zaidi, kwa niaba yetu sote tutakaolinunua gari hilohilo baada yako.

Hatua ya sita: Jua siku ya kuzika

Uaminifu una mpaka, na mpaka wake ni roho za watu. Breki zikikosa kipuri cha kuaminika, usukani ukilegea bila dawa, bodi ikipinda au kuoza mahali pa kubeba uzito, usiliingize gari hilo Thika Road. Magari pale yanakimbia, na mtoto anayevuka hajui historia ya mapenzi yako.

Lakini zika kama watu wanaoachiana urithi. Jirani yangu alikuwa na Optra nyeupe, pacha wa langu. Iligongwa nyuma na lori, bodi ikajikunja hadi milango ya nyuma ikakataa kufunguka. Hakuumia, shukrani kwa Mungu, lakini gari halikuwa la kupona. Broka alifika siku iliyofuata na uso wake wa huzuni. Jirani akamwambia kuna watu waliotangulia kwenye foleni.

Tulikutana gerejini Jumamosi. Fundi alilifungua kipuri kwa kipuri, kila kimoja akakifunga kwa gazeti na kukiandika jina kwa kalamu nzito. Giaboksi ilienda Juja. Mlango mmoja ulienda Kahawa Wendani. Jirani alipokea pesa zaidi ya alizotajiwa na broka, na kabla hatujaondoka alipitisha kiganja juu ya boneti mara moja, kama mtu anayefunga macho ya marehemu.

Mimi nilipata taa ya mbele ya kulia. Yangu ilikuwa imefifia kwa jua, na hii ni safi, kwa hiyo usiku upande mmoja wa barabara naung'aza zaidi ya mwingine. Jirani akiwa barazani huitambua nikikata kona. Hupunga mkono, nami humpigia honi moja fupi.