Jenerali Kamzidi Jenerali

Mkoa wa Kagera umewahi kuongozwa na majenerali watatu mfululizo: Meja Jenerali mstaafu Salum Kijuu, Brigedia Jenerali Marco Gaguti na Meja Jenerali Charles Mbuge. Ungedhani basi raia wa Ngara na Biharamulo wanasoma mabega ya wanajeshi bila kukodoa macho. Wapi!

Siku ya Mashujaa, Julai 25, mshereheshaji husoma vyeo kwa kasi ya dalali, nasi hupiga makofi kwa kufuata urefu wa jina la cheo. Meja ni mkubwa kuliko Luteni, hilo tumelikubali. Halafu tunaambiwa Luteni Jenerali anamzidi Meja Jenerali, na hapo hata mwalimu wa hesabu huomba maji ya kunywa.

Nishani ndiyo usiseme. Mzee aliyepigana Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 anaivaa kifuani, mjukuu anamuuliza kaishindia mpira gani. Na ni baada ya vita hivyohivyo mkoa ukaacha jina la Ziwa Magharibi ukaitwa Kagera, jina ambalo mjukuu huyo analiandika kila siku juu ya daftari.

Waheshimiwa wa itifaki, tuchapishieni karatasi moja tu, kuanzia juu: Jenerali, Luteni Jenerali, Meja Jenerali, Brigedia Jenerali, Kanali, Luteni Kanali, Meja, Kapteni, Luteni, Luteni Usu. Ibandikeni kwenye mbao za matangazo za vijiji, pembeni ya tangazo la mbuzi aliyepotea. Hilo tunalisoma wote.