Bamia kwenye Kanzu ya Babu

Ndugu yangu mwenye watoto wa shule, wewe na mimi tunaijua likizo ya Juni. Masika yamekwisha, jua limetulia, shule zimefungwa, na nyumba nzima iko mikononi mwa watu wa miaka 6. Kwetu wako wawili, Kulwa na Doto. Kulwa ni mpole. Hufikiri kwanza ndipo aharibu. Doto huharibu kwanza, mengine baadaye. Juu yao yupo dada yao Zuhura, mwenye miaka 11, ambaye wadogo zake wamempa jina la Hakimu, kwa kuwa hakuna ugomvi wa nyumba hii usioishia kwake.

Safari hii mke wangu, Mama Zuhura, aliamua kwamba likizo haitaliwa na luninga. Alitangaza wakati wa chai kwamba watoto watachora na kupaka rangi, na hakuna hata senti itakayokwenda dukani. Mama Zuhura akitangaza limepita. Isitoshe, rangi za dukani tunazifahamu: vile vidonge vilivyopangwa kwenye kiboksi cha plastiki, brashi yake inanyonyoka siku hiyo hiyo, na ikifika magharibi vidonge vyote vimechanganyika, vimekuwa tope.

Basi rangi ikapikwa jikoni. Andika, mwenzangu, maana ni kazi nyepesi. Unga wa ngano kikombe kimoja, maji vikombe vitatu. Unga ukorogwe kwanza kwa maji baridi kidogo mpaka mabuje yaishe, kisha maji yaliyobaki yatiwe, sufuria ibandikwe, na mwiko usipumzike, kama unayempikia mgonjwa uji. Ukishakuwa mzito na kung'aa, epua, tia kijiko kimoja cha chumvi ili usichache upesi, halafu gawa kwenye vikopo. Kopo la kwanza linatiwa manjano ya kupikia. La pili mkaa uliotwangwa na kupitishwa kwenye kitambaa. La tatu rozela iliyochemshwa kwa maji machache sana mpaka ikakolea. La nne udongo mwekundu uliochekechwa. Nyeupe tuliiacha, kwa kuwa nyeupe ya bei rahisi ni chokaa, na chokaa inaunguza macho na ngozi. Hiyo haikai karibu na Doto.

Brashi nazo hazikununuliwa. Kijiti cha mswaki kikitafunwa ncha kinatoa nywele nzuri za kuchorea mistari minene. Makumbi ya nazi yakifungwa kwenye kijiti yanapaka ukuta mzima wa boksi. Unyoya wa kuku unachora nyasi. Bua la jani la mpapai, ambalo ni tundu tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, likishaoshwa utomvu wote na kukauka linageuka kipulizio: unadondosha rangi nyepesi kwenye karatasi, unapuliza, na rangi inakimbia ikitoa matawi na vitawi. Karatasi zilikuwa migongo ya kalenda za mwaka jana. Kila nyumba ina kalenda za zamani, na kila nyumba ina mtu mmoja anayekataa zitupwe. Kwetu ni mimi, na safari hii zilipata kazi.

Lakini mfalme wa yote alikuwa bamia. Chukua bamia nene, kata upande wa kikonyo, uangalie pale ilipokatwa. Utaona pembe tano, na ndani vyumba vitano vidogo, na kila chumba mbegu yake imelala. Chovya kwenye rangi, gandamiza juu ya karatasi, inua: ua zima, limekamilika, na katikati lina vitundu vyake. Kulwa alipoliona la kwanza alinyamaza. Akachukua bamia nyingine akaikata mwenyewe, akahesabu vyumba, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyegundua siri ya familia, "Baba, hii ina sita." Mtoto huyu amekula bamia tangu aote meno, na hakuwahi kuitazama. Jioni hiyo mlenda ulipikwa kwa mabaki ya maua, tena machache, tukala kimya.

Trei za mayai nazo zilipakwa, kila kishimo rangi yake, zikaanikwa uani. Tukasahau kwamba rangi yenyewe ni uji. Kuku wa jirani hawakusahau. Waliidonoa kazi ya Doto kutoka safu ya kwanza hadi ya mwisho, na kesi ikapelekwa kwa Hakimu. Hakimu alisikiliza pande zote, kuku wakiwa hawapo, akaamua kwamba kuanzia hapo kila kilichopakwa kitakaushwa juu ya bati la banda. Hukumu ilitekelezwa na baba mwenye ngazi.

Hapo ndipo alipoingia shemeji yangu, mdogo wake Mama Zuhura, tunayemwita Profesa. Profesa hana jambo asilolijua, na akilijua haliachi. Alitazama vikopo vyetu vya uji kwa huruma, akaondoka, akarudi na kopo la rangi ya mafuta iliyobaki kwenye ujenzi wa mtu fulani, kopo lenye kutu, kifuniko kimeganda.

"Shemeji," aliniambia, "mwache mtoto apake rangi ya kweli. Marehemu Tingatinga alipaka kwa nini? Rangi ya baiskeli!"

Ni kweli, na kwenye hilo sikumbishia. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alikuja Dar es Salaam kutafuta kibarua, na mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya mafuta ileile ya kupakia baiskeli, akaviuza nje ya Morogoro Stores kule Oysterbay. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichukua kilichokuwa karibu na mkono wake. Alifariki mwaka 1972, lakini ndugu aliokuwa amewafundisha waliendelea, na leo picha za aina hiyo zinabeba jina lake duniani kote. Nilimweleza Doto habari hii, naye akataka baiskeli.

Mama Zuhura alisikia yote akiwa anachambua mchele. Akamjibu mdogo wake bila kuinua macho: "Tingatinga alikuwa mtu mzima. Huyu bado analamba vidole." Na hapo kuna jambo zito, ndugu yangu, tusilifanyie mzaha. Rangi za mafuta, hasa za zamani, huweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mwili. Inaharibu ubongo wa mtoto polepole, bila homa wala kikohozi cha kukushtua. Somo la Tingatinga kwa mtoto ni kutumia kilichopo. Rangi yenyewe tumwachie fundi baiskeli. Kopo likarudi lilikotoka, na Profesa akabaki, maana mchele ulikuwa unakaribia kuiva.

Sasa nikupeleke kwenye msiba wenyewe. Wakwe zangu walikuja kutoka Tanga kwa ajili ya ndoa ya kijana wa ukoo huko Magomeni. Bibi Tanga, kama watoto wanavyomwita, ni somo wa miaka mingi. Ameshapamba maharusi wengi, na akiingia ndani ya nyumba hata makochi yanakaa vizuri. Baba mkwe ni mtu wa maneno machache na kanzu moja anayoipenda, ya pamba, nyeupe pe. Mke wangu aliifua siku moja kabla ya ndoa, akaianika uani. Baba mkwe ni mfupi, kanzu nayo ndefu, kamba yetu imelegea. Pindo likawa usawa wa kifua cha Doto.

Nilisikia Hakimu akipiga ukelele. Nilipofika uani, pindo la kanzu lilikuwa limezungukwa na maua ya bamia ya manjano, yamepangwa vizuri, nafasi sawa, hata kwenye mshono wa pembeni. Nitakueleza ukweli: ilikuwa kazi bora ya likizo nzima. Alipoulizwa kwa nini, Doto alijibu, "Ilikuwa nyeupe yote, na Babu anakwenda harusini."

Mama Zuhura hakupoteza muda na maelezo. Beseni, maji, sabuni ya kipande. Akasugua ua la kwanza, na lile ua, badala ya kutoka, likawa jekundu. Si wekundu wa kubahatisha. Wekundu wa damu. Akasugua la pili, jekundu. Profesa, ambaye kwa namna fulani alikuwepo tena, akapaza sauti: "Magadi! Magadi yanatoa kila kitu!" Akakimbilia kopo la magadi ya maharage, akayayeyusha, akamimina. Pindo lote likazidi kuiva. Kulwa alianza kulia kwa niaba ya ndugu yake.

Bibi Tanga alitoka taratibu, khanga mabegani, akatazama. "Acheni kusugua," alisema. "Leteni ndimu."

Akakamua ndimu juu ya wekundu ule, na mbele ya macho yetu ukarudi kuwa manjano. Watoto walishikana mikono. Bibi akaeleza, huku akisuuza, kwamba amefua mashuka ya maharusi waliosingwa kwa liwa na manjano tangu Mama Zuhura hajazaliwa. Manjano yakikutana na sabuni, magadi au maji ya majivu, hugeuka mekundu. Yakipata ndimu au siki, hurudi yalivyokuwa. Na adui wa manjano, akasema, ni jua. Kanzu ikasuuzwa mpaka sabuni yote ikaisha, ikatandazwa ikiwa mbichi kwenye jua kali juu ya lile lile bati la banda, kwa amri ya Bibi safari hii. Kila kivuli kilipoifikia, nilipanda kuisogeza. Ilipofika alasiri maua yalikuwa yamepauka, ukiyatafuta ndipo unayaona.

Watu wazima tulishusha pumzi. Hakimu yeye alikuwa amesimama mbele ya beseni, anafikiri. "Bibi," aliuliza, "kwa hiyo sabuni inaweza kuandika?"

Na hivyo ndivyo ulivyozaliwa mchezo bora kuliko yote niliyokueleza. Chukua karatasi ya daftari, ipake maji ya manjano, iache ikauke. Mtoto achovye kijiti kwenye maji ya magadi au ya sabuni na kuchora: mchoro unatokea mwekundu pale pale. Apitishe ndimu, unafutika. Karatasi ya rozela nayo ina miujiza yake. Ndimu inaing'arisha ikawa nyekundu hasa, magadi yanaipeleka kwenye kijani na buluu. Wanangu walikaa na mchezo huo mpaka adhana ya magharibi, bila kesi yoyote kwa Hakimu. Maharage ya siku hiyo yaliiva usiku, kwa kuwa magadi hayakubaki.

Baba mkwe alivaa kanzu yake Magomeni. Alipokaa mkekani alivuta pindo akamwonyesha mzee wa pembeni yake kivuli cha ua, akasema, "Mjukuu." Neno hilo moja lilimtosha.

Nimelitafakari sana jambo hili. Kuchora na watoto hakuli fedha. Kunakula vitambaa, maharage, na saa ambazo ungelala. Lipa tu, ndugu yangu. Mtoto aliyekwishaona vyumba vitano ndani ya bamia, na aliyeona ndimu ikifuta wekundu, ameanza kuichunguza dunia iliyo mbele yake, na hilo haliuzwi kwenye kiboksi cha plastiki.

Kwetu mambo bado yanaendelea. Bibi Tanga ana bi harusi mwingine wa kumpamba, na kabla ya kupanda basi aliagiza kwa Doto karatasi za maua za kufungia udi na ubani. Doto amekubali kazi. Mama Zuhura ametangaza kwamba safari hii mlenda hautapunguzwa, na mimi nimeshatumwa sokoni: mafungu mawili ya bamia, moja la sufuria, moja la fundi.