Barua ya Wazi kwa Wizara ya Kazi, Kinshasa, Kuhusu Maombi ya Wanawake Yanayohimizwa Sana



Kwa heshima zote zinazostahili, Majengo, mtaa wa komini ya Karisimbi jijini Goma, unatoa shukrani kwa sentensi moja inayosomwa kila siku chini ya matangazo ya kazi ya mashirika na ofisi, ile isemayo kwamba maombi ya wanawake yanahimizwa sana. Himizo limefika salama; kazi yenyewe bado iko njiani.

Wala haisemwi kwamba sheria zimepungua. Kifungu cha 14 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kiliahidi usawa wa mwanamke na mwanamume, huku kifungu cha 448 cha Sheria ya Familia ya mwaka 1987 kikiendelea kumtaka mke apate idhini ya mumewe kabla ya tendo lolote la kisheria linalomfunga yeye binafsi, mkataba wa kazi ukiwamo. Ahadi na idhini hizo zikaishi nyumba moja kwa miaka 10, kwa utulivu wa kupigiwa mfano, mpaka idhini ilipofutwa Julai 2016. Mwanasheria wa kike aliyeolewa aliweza, basi, kuitetea Katiba mahakamani, ilimradi mumewe amemruhusu kwenda.

Wachumi wana nadharia ya mtaji-watu, yaani fikra kwamba kila mwaka wa masomo humwongezea mtu thamani katika soko la kazi. Naye Claudia Goldin, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, ameonyesha kwamba ushiriki wa wanawake katika kazi hufuata umbo la herufi U, ukipungua nchi inapotoka kwenye kilimo kwenda viwandani, kisha ukipanda wasomi wanapopata ofisi za kuingia. Majengo ina nadharia yake, ambayo Wizara inaweza kuichukua bure: huko kazi ya mwanamke ndiyo inayolipa elimu, tena mara nyingi kazi ya yule ambaye hakusoma. Mama anayevuka mpaka wa Petite Barrière na kapu la nyanya kutoka Gisenyi, upande wa Rwanda, ndiye mlipaji wa minervali, yaani ada ya shule, kwa kuwa elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 inaishia shule ya msingi. Binti hufaulu Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, akapata nafasi ya kufundisha, kisha akaambiwa kwamba jina lake halijaingia katika orodha ya mishahara ya serikali, hivyo atalipwa kwa michango ya wazazi. Na mzazi ni nani, kama si yule yule wa nyanya, ambaye sasa amekuwa mwajiri wa wasomi bila kuomba cheo hicho?

Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma na benki zikafungwa, wenye mishahara walikosa mahali pa kuichukua. Nyanya hazikuhitaji benki.

Wizara haiombwi kuongeza himizo, maana lililopo linatosha vizazi viwili. Inaombwa iwalazimishe waajiri kutangaza idadi ya wanawake waliowaajiri kweli, iingize majina ya walimu kama binti huyo katika orodha ya mishahara, na malimbikizo ya mishahara yao, ikionekana ni haki, akabidhiwe mama aliyekuwa akiwalipa.