Barua ya Wazi kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi

Mkurugenzi Mkuu,
Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi,
Dodoma.

YAH: KUFANYWA MDHAMINI BILA KUOMBWA

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu. Shikamoo kwanza, kama umri unaruhusu. Kama hauruhusu, ihesabu akiba.

Mimi ni mkazi wa Mhezi, wilaya ya Same, huku milimani. Mnajua tunavyosemwa sisi Wapare: eti tunauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Uongo mtupu. Siku hizi tunakopa.

Binamu yangu alikuwa na shida ya shilingi elfu hamsini. Akapakua programu ya mikopo kwenye simu. Ikamwomba iangalie namba alizohifadhi, picha zake na mahali alipo; akabonyeza "Ruhusu" kila ilipojitokeza, mbio mbio, maana bando lilikuwa ukingoni. Siku ya marejesho ikapita kidogo tu, na ukoo mzima tukaletewa meseji kwamba yeye ni mdaiwa sugu, na sisi ndio wadhamini wake. Mchungaji alipata. Mwalimu mkuu alipata. Konda wa gari la Same alipata. Mama mkwe naye alipata, ambaye mpaka asubuhi ile alikuwa bado anamhesabu mkwewe kuwa mtu wa maana.

Hilo tungelimeza. Tatizo ni kwamba programu ile ina adabu mno: kila meseji ilianza kwa jina la mpokeaji, kama binamu alivyolihifadhi. Jirani yetu, mzee mwenye mvi zake, akasoma: "Habari, Mchokozi wa Mpaka." Kesi ya mpaka iliyokuwa imelala imeamka, iko baraza la kata. Kisha yule aliyehifadhiwa kama "Fundi Friji" akapiga simu kulalamika. Mke wa binamu ndiye aliyepokea, na sauti ilikuwa ya kike. Nyumba ile haina friji.

Nimeisoma sheria yenu, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inataka mwenye taarifa aridhie. Vizuri sana. Sasa nisaidieni: namba yangu ni yangu, lakini kidole kilichoridhia ni cha binamu. Tangu lini mtu mmoja, kwa shida ya elfu hamsini, akawa na mamlaka ya kuweka rehani ukoo, kanisa na konda? Huku kwetu hata kuuza kipande cha shamba la ukoo lazima ndugu wakae kikao.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, ikazipiga marufuku. Tulishangilia. Baadaye tukaanza kuulizana: majina yetu waliyokwisha kuyachota yako wapi? Nasikia nina haki ya kudai yafutwe. Niko tayari kudai hata kesho asubuhi. Ila programu ile haina ofisi, haina sanduku la posta, na namba zake za simu hubadilika kila ukikata. Nidai kwa nani?

Kama kuwapata wenye programu hizo ni vigumu, basi Serikali iwaajiri. Mjomba wangu mstaafu anahangaikia mafao yake katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Kila akifika faili halionekani, alete tena nakala ya kitambulisho na picha mbili za pasipoti. Programu ya mikopo haikumdai picha hata moja. Ilimfikia shambani Kisiwani, jembe mkononi, siku ileile. Kwenye sensa ya 2022 Serikali ilihangaika kutuma makarani na vishikwambi mlango kwa mlango, wakati kuna watu wangezikusanya taarifa zote hizo wamekaa.

Wazee wetu wangetushangaa. Januari 1945 waliteremka Same kwa maelfu kuikataa kodi ya mbiru, iliyopangwa kwa kumkadiria kila mtu mali yake, na wakadiriaji hawakueleweka wanakadiria vipi. Mkoloni alihangaika nao kwa muda mrefu, na mwishowe kodi ile ikaachwa. Sisi wajukuu zao tunajikadirisha wenyewe, bure, kwa kidole gumba.

Habari za wazee hao nimezisoma katika kitabu cha Profesa Isaria Kimambo kilichochapishwa Nairobi mwaka 1971. Ni karatasi, mende wameonja jalada, lakini kipo. Vitabu vya mtandaoni sivyo: mwaka 2009 Amazon iliingia kwenye vifaa vya wateja wake ikafuta vitabu vya George Orwell walivyokwisha kununua, kikiwemo kile cha dola inayochungulia kila mtu. Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu mwaka 2019, vitabu vilizimika nalo. Walirudisha hela, nakiri. Mende wangu hajawahi kunirudishia kitu, ila hajala kitabu kizima usiku mmoja.

Ndiyo maana kikundi chetu cha kuweka na kukopa kimegoma kuhamishia daftari mtandaoni, ingawa tumeshauriwa na kijana mmoja mwenye fulana ya mradi. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu wasiopendana sana. Tulimwuliza huko mtandaoni funguo anashika nani. Akasema kuna nywila. Tukamwuliza nywila anayo nani. Akatupa vipeperushi.

Mkipenda kunijibu, tafadhali tumeni barua ya karatasi kupitia ofisi ya kata. Meseji msitume. Hapa Mhezi kwa sasa hakuna anayefungua meseji ya namba asiyoijua, na zile tunazozijua ndizo tunazoziogopa zaidi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mdhamini (bila ridhaa), Mhezi.