Ufunguo wa Tatu

Jumamosi iliyopita wanawake kumi na tisa walikaa chini ya mwembe hapa Mtama saa nzima na robo, wakimenya ming'oko na kunisubiri mimi. Sanduku la kikoba chetu lina kufuli tatu na washika funguo watatu, ili asitokee mmoja akazitamani pesa za wenzake usiku. Mpango mzuri. Ila aliyeubuni alimwogopa mwizi tu, mtu kama mimi hakumpigia hesabu.

Funguo mbili zilifika saa nane kamili. Wa tatu ulikuwa kwangu, mahali salama. Kila nilichowahi kukiweka mahali salama, kuanzia kadi ya kliniki ya mtoto hadi kitabu cha chama cha ushirika, AMCOS, kiko salama mpaka leo, hata mimi mwenyewe sikifikii.

Nikaenda kuutafuta. Kutoka mwembeni hadi kwangu ni dakika tano. Mlangoni nikakuta unga uko wazi, nikaufunika. Kuufunika kukanikumbusha ungo wa jirani, nikaurudisha. Kwa jirani kulikuwa na chai, na chai hiyo sikuipika mimi. Nikarudi mwembeni mikono mitupu, nimechangamka, nawasalimu wenzangu kama tumekutana mnadani.

"Mama Zuhura, ufunguo?"

Ufunguo gani tena?

Tangu utoto naitwa mapepe. Unyagoni kungwi alisema huyu mtoto ukimfunza anatazama ndege. Ni kweli nilitazama, walikuwa ndege wazuri. Nimeolewa na mapepe yangu, nimezaa nayo, na ningezikwa nayo kama shule isingemchoka mwanangu wa pili na kuniambia nimpeleke kwa daktari Dar es Salaam. Daktari akaanza kuuliza. Anapoteza vitu? Sana. Anaanza kazi haimalizi? Kila siku. Ukimwagiza vitu vitatu? Analeta kimoja, tena ambacho hakuagizwa. Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, hapa tunamsema mtoto, au unajisema?"

Ndipo nikazijua herufi nne, ADHD. Akanieleza kwamba akili ninayo, tatizo ni karani wa kichwani: yule anayepanga kipi kitangulie, anayekadiria muda, anayekushikia ulichokuwa unakifanya wakati mtu anakuita. Wangu yuko kazini, ila hakai mezani. Tena ni jambo la damu, mara nyingi mzazi hugunduliwa akiwa amempeleka mtoto.

Nikauliza mbona nimefika miaka arobaini na miwili bila mtu kuniambia. Kumbe tangu mwaka 1902, George Still, daktari wa watoto wa London, aliposimama kuwaeleza wenzake juu ya watoto wasiotulia, macho yamekuwa kwa wavulana. Mvulana anavunja kiti, anaonekana. Msichana anakaa nyuma kimya, mwili uko darasani na roho imefika Kilwa, mwalimu anamsifu kwa adabu. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulikuwa unataka dalili ziwe zimeonekana kabla ya miaka saba, hadi mwaka 2013 ulipoisogeza hadi kumi na miwili. Miaka saba! Nani alikuwa ananitazama mimi nina miaka saba? Hata mbuzi wetu alikuwa na mchungaji.

Mama mkwe wangu hataki kusikia habari za herufi. Anasema hajaona mtu wa kuanza mambo na kuyaacha kama mimi. Ninamheshimu, shikamoo yake haipiti siku, lakini jamani, huko Nachingwea hakupasikia? Mwaka 1947 Waingereza walikuja kulima karanga bila kuuliza mvua wala udongo. Wakajenga reli, wakajenga bandari ya Mtwara, na Januari 1951 wakatangaza basi, hasara ya pauni kama milioni 36. Wao wanaitwa mradi. Mimi nimeacha banda la kuku moja bila mlango, naitwa mapepe.

Lakini kwenye kupulizia mikorosho salfa sina utetezi. Mkorosho ukianza kutoa maua, ugonjwa wa ubwiriunga haukusubiri upate hamu. Mwaka juzi mifuko ya salfa ililala chini ya kitanda wiki mbili, naiona kila nikifagia, na kila nikiiona moyo unakuwa mzito kama nimeambiwa nibebe mkorosho wenyewe. Siku hizohizo nilisuka ukili usiku kucha bila kusikia jogoo. Ukinielezea hilo kwa neno uvivu, basi mvivu gani anakesha?

Linalonikera zaidi ni baba Zuhura. Mtu huyu hajui shati lake liko wapi, hajui ada inalipwa lini, hajui mama yake anameza dawa gani saa ngapi. Hakuna aliyewahi kumpeleka kwa daktari, maana hana upungufu wowote: ananimiliki mimi. Yaani nyumba nzima imekubaliana kuhifadhi maji yake kwenye ndoo inayovuja, halafu inaigombeza ndoo.

Daktari alinipa mbinu. Kengele ya simu: inalia, naizima, kisha nakaa kujiuliza ilikuwa ya nini. Na msumari mmoja nyuma ya mlango, vitu vyote muhimu vitundikwe hapo. Huo niliupigilia siku hiyohiyo, nikafurahi, nikausahau.

Basi Jumamosi hiyo nikarudishwa nyumbani kuutafuta tena, niko katikati ya chumba, nimekwisha mwaga kabati lote sakafuni, wenzangu wanapiga makofi ya kejeli kule mwembeni, baba Zuhura akachungulia.

"Mama Zuhura, kofia yangu iko wapi?"

"Msumarini, nyuma ya mlango," nikamjibu bila hata kufikiri.

Akaivuta kofia. Ufunguo ukaanguka.

Nilipigwa faini ya shilingi elfu moja, nikaitoa kwa heshima. Nikasimama nikaomba ufunguo apewe mwingine, maana mimi, jamani, mnaniona. Mweka hazina akaunga mkono haraka mno kwa ladha yangu. Mwenyekiti akafikiri kidogo, akamaliza kutafuna ming'oko yake, akanirudishia ufunguo mkononi.

"Kaa nao wewe," akasema. "Huo hata mwizi hatauona."