Tadbiri ya Tundu Moja

Maskani yangu ni Bonga, kando ya barabara kuu itokayo Babati kwenda Kondoa na Dodoma, na jirani zangu hunihesabu kuwa mtu wa azma kubwa. Taksiri yangu ni moja tu, nayo ni kwamba azma hizo aghalabu hukaa kichwani zisishuke mikononi. Kiangazi hiki nilikuwa na shughuli tatu zisizokubali ajizi: kuziba tundu la banda la kuku, ambalo mke wangu alinionyesha kwanza kwa kidole na baadaye kwa fimbo, kuuza magunia sita ya mbaazi bei ingali na huruma, maana hakuna mkulima wa Babati aliyesahau mwaka 2017, India ilipoweka kikomo kwa mbaazi zitokazo nje na bei ikaporomoka, na kuandika nasaba ya ukoo wetu kabla wazee waijuao hawajatutangulia.

Mpwa wangu, ambaye ni fundi simu mjini, aliponiamkia na kunikuta nikiulaumu usahaulifu wangu, alicheka kwa adabu akasema, "Mjomba, wewe huna kosa. Kazi zako hazina programu." Neno hilo lilinipendeza mno, kwa kuwa liliuondoa mzigo wa lawama mabegani mwangu na kuutwika simu.

Nikaanza na Trello, inayofuata desturi ya kanban, yaani zile kadi ambazo Wajapani wa Toyota walizitumia kuongoza kazi kiwandani: kila shughuli ina kadi yake, na kadi husogezwa kutoka safu ya mambo ya kufanywa, kupitia yanayofanywa, hata kufikia yaliyokwisha. Siku mbili nilizitumia kuchagua rangi, nasaba nikaipa zambarau, mbaazi kijani, na tundu nyekundu, kwa heshima ya fimbo. Nikaingia Todoist, nikapambanua daraja za umuhimu. Kisha nikasoma kisa cha Wunderlist, programu iliyopendwa na wengi, ikanunuliwa na Microsoft mwaka 2015 na kufungwa Mei 2020, nikaingiwa na hofu ya mpangaji asiyejua mwenye nyumba atauza lini. Kwa ajili ya tahadhari nikahamisha kila kitu kwingine, na kutoka huko tena kwingine, hata tundu likawa limehama mara nne bila kutoka bandani.

Programu niliyoikubali mwisho, jina lake nalistahi, niliiamuru inikumbushe tundu saa 2, yaani asubuhi, nikiwa nimekwisha kunywa chai na jua limepata nguvu. Lakini simu haikulelewa na Waswahili. Yenyewe huanza kuhesabu usiku wa manane, wala haingoji kupambazuke. Saa 8 usiku ikapiga kelele ya kuamsha mtaa, kioo kikiwaka maneno "Ziba tundu", nami nikainyamazisha kwa kiganja, nikaulaani ujinga wa mashine isiyojua wakati, nikajifunika blanketi. Usiku ule ule kicheche alipita katika tundu lile, naye hakuhitaji kukumbushwa.

Kulikucha bila kuwika. Mke wangu alisimama mlangoni ameshika manyoya matatu ya jogoo, akauliza kwa upole unaotisha kuliko hasira, "Baba watoto, programu inasemaje?" Nikatazama, nikamjibu kwa ukweli kwamba kadi ilikuwa imefika safu ya kati, ile ya mambo yanayofanywa.

Tundu nililiziba asubuhi hiyo kwa kipande cha ubao na misumari minne, kazi ya robo saa, na mbaazi nikaziuza wiki ile ile kwa hofu ya fimbo. Nasaba ingali zambarau. Ama simu, nimeifundisha saa zetu na kuitia sauti ya jogoo, ikawa kila alfajiri saa 11 huwika mfukoni mwangu nikifungua banda. Na mitetea watano hutoka kwa haraka, wakanizunguka, wakautazama mfuko wa shati langu kwa macho ya wajane walioletewa urithi usiolingana na marehemu.