Steringi wa Kisutu

Steve Jobs ametengenezewa sinema mbili, ya 2013 na ya 2015, na vita kubwa humo ni ya wakubwa kugombea kiti ofisini. Sisi Watanzania tunaye Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums: Desemba 2016 akakamatwa, akapandishwa kizimbani katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Shtaka mojawapo? Kuendesha tovuti isiyo na anwani ya .tz. (Nukta na herufi mbili; Hollywood haijawahi kupata adui mwembamba hivyo.)

Tukimtengenezea naye sinema, kinachonitisha ni mwendo wa picha. Shauri linaahirishwa, linaahirishwa tena, mpaka watazamaji wa vibanda umiza vya Kariakoo wadai viingilio vyao. Halafu kuna Bodi ya Filamu ya kuikagua. Na yule mwenye nyumba wa Ikulu ya Magogoni wakati huo ataigizwa na nani? Waigizaji wote, ghafla, wana safari.